Vizibo Ishirini na Saba

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshushwa. Mkuu wa shule hakulitumia neno hilo, yeye alisema "kuhamishwa kwa muhula mmoja tu". Lakini mimi nimefundisha hesabu darasa la saba miaka ishirini na miwili, na leo nimekabidhiwa darasa la awali, watoto thelathini na mmoja wa miaka minne na mitano, kwa sababu mwalimu wao amekwenda kujifungua. Kama huko si kushuka, basi ngazi zimegeuzwa.

Mkuu mwenyewe nilimfundisha mimi. Nilimfundisha sehemu na desimali akiwa bado ana pengo la meno ya mbele. Leo anakaa nyuma ya meza ananiambia, "Mwalimu, nakuamini." Nikasema asante. Ningesema nini?

Viti vyao vinanifika kwenye ugoko. Nilipokalia kimoja, magoti yalinifika kidevuni. Mtoto mmoja wa kike akanisogelea, akanitazama toka miguuni mpaka kichwani kama anakagua mnara, akauliza, "Wewe ni baba ya nani?" Nikamwambia mimi si baba wa mtu hapa, mimi ni mwalimu. Akafikiri. "Mwalimu wa nini?" Kufika mchana darasa zima lilikuwa linaniita Mwalimu Mlingoti.

Mke wangu amecheka mpaka akaketi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua kutwa. Hawakutoka nje. Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 9 Mei

Kuna agizo jipya. Kila asubuhi watoto waketi mkekani, waulizwe wanataka nini, na wanachosema kifanyiwe kazi. Mkuu analiita baraza. "Mtoto ana haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu," aliniambia. Nikamwuliza ni mambo gani yanayomhusu mtu asiyejua kufunga kamba za viatu. Hakucheka. Alinipa daftari la kuandikia maamuzi yao, atalisoma kila Ijumaa. Hili ninaloandika sasa ni langu mwenyewe na hatalisoma mtu.

Msaidizi wangu ni mama mtu mzima tunayemwita Bibi wa Mikeka. Baada ya chakula cha mchana anatandika mikeka chumba cha ndani, anawalaza watoto kwa nyimbo, anawaamsha saa nane. Miaka kumi na moja anafanya kazi hiyo. Nilimwuliza ana maoni gani kuhusu baraza. Kabla hajajibu mtoto mmoja akamwaga maji, tukasahau.

Jumanne, 14 Mei

Baraza la kwanza. Nikauliza, "Mnataka tubadilishe nini hapa shuleni?"

"Tununue ng'ombe."

"Mvua iende kwao."

"Mama yangu aje akae hapa, hapa pembeni."

Yule wa kike wa siku ya kwanza akainua mkono. Nimekwisha kumpa jina la Wakili, maana hana neno la kupoteza. "Sisi tunavua viatu mlangoni. Kwa nini wewe huvui?"

Nikavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje kama kinasalimia. Thelathini na mmoja wakaangua kicheko. Nimefundisha miaka yote hii na sijawahi kuchekwa usoni. Ajabu ni kwamba sikukasirika, na sijui kwa nini.

Jumatano, 15 Mei

Soksi mpya.

Jumanne, 21 Mei

Wiki mbili nimekuwa nikiwafokea kwa kutupa mabegi chini wakati ukuta mzima una misumari ya kutundikia. Leo mkekani yule mtoto anayetembea na kijiko chake popote aendapo, nimempa jina hilohilo la Kijiko, akasema, "Misumari iko kwako."

"Iko kwangu kivipi?"

Akasimama ukutani, akanyoosha mkono na kijiko juu. Hakuufikia hata mmoja. Misumari ilipigwa na mtu mzima, kwa kimo cha mtu mzima, na kwa miaka sijui mingapi watoto wamekuwa wakigombezwa kwa ufupi wao.

Fundi seremala amekuja saa nne akaishusha. Saa sita hakukuwa na begi hata moja chini. Nimeona haya, kusema kweli. Katika daftari la kazi nimeandika mistari mitatu tu. Aibu haina safu yake.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua bado. Wakili ameleta hoja: "Hatutaki kulala mchana."

Nikasema jambo hili ni kubwa, tupige kura. Nilikuwa na makopo mawili na mfuko wa vizibo vya soda. Kopo jekundu, tulale. Kopo jeupe, tusilale. Wakapanga mstari, kila mmoja na kizibo chake, wametulia kama wako benki. Tukahesabu kwa sauti, wote pamoja. Ishirini na saba kwa vinne. Walihesabu mpaka ishirini na saba! Wiki iliyopita walikuwa wanakwama kwenye kumi na tatu. Mimi mtu wa hesabu nilisikia baridi mgongoni.

Nimeandika ukurasa mzima kwa Mkuu, mwandiko wangu bora.

Jumanne, 28 Mei

Hakuna kulala. Kelele. Mtoto mmoja wa kike, mkimya sana, sijamsikia akisema neno tangu nije, ameuchukua mkeka akautandika mbele ya mlango wa chumba cha ndani, akalala pale. Nilimrudisha kwa wenzake.

Jumatano, 29 Mei

Yule mkimya tena mlangoni. Ukaidi.

Ijumaa, 31 Mei

Mkimya mlangoni. Kijiko amesinzia akiwa amekaa, paji la uso likatua kwenye bakuli la supu. Kuanzia saa saba hadi saa tisa ni vilio vitupu, huyu kamng'ata yule, yule hataki kuguswa. Lakini kura ni kura.

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu ameniita ofisini. Alikuwa na furaha. Daftari langu lilikuwa wazi mezani kwake.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi niliyokuwa naitaka. Sasa, kwa kuwa watoto wameamua hawalali, chumba cha ndani tutakifanya maktaba. Na yule mama tutamuaga mwisho wa mwezi huu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama gani?"

"Wa mikeka. Kazi yake ilikuwa kulaza watoto. Watoto hawalali."

"Lakini Mkuu, hawakupiga kura ya kumwondoa mtu."

"Wamepiga ya kuondoa kazi yake." Akanigeuzia daftari. "Na ushahidi ni huu, mwandiko wako."

Nilitoka nje nikasimama barazani natazama maji ya mvua yakimwagika toka bomba la paa. Bibi wa Mikeka akapita na ndoo, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumanne, 4 Juni

Nimemkwepa Bibi kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Najaribu kulipanga kama hesabu. Watoto wana haki ya kuamua. Waliamua. Kilichofuata kinatokana na uamuzi wao. Basi hakuna kosa. Halafu naanza upya, nafika palepale, na bado jibu si sahihi, na sioni nilipokosea.

Mke wangu anasema, "Wewe unatafuta kosa kwenye kujumlisha. Huenda liko kwenye swali." Nikamwambia hajui hesabu. Akaendelea kukunja nguo, na kukunja kwenyewe kulikuwa jibu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwuliza Mkuu: watoto waambiwe matokeo ya kura yao?

"Hapana. Usiwabebeshe watoto mzigo wa watu wazima."

"Mzigo umeshawekwa vichwani mwao, Mkuu. Tofauti ni kwamba hawajaambiwa ni kitu gani wamebeba."

Akasema ana mgeni.

Jumatano, 12 Juni

Nimewaambia.

Sikupanga. Tulikuwa mkekani, Bibi yuko uani anaosha vikombe, na Wakili akauliza mbona Bibi siku hizi haimbi. Nikasema. Nilisema taratibu, kwa maneno madogo: kwa sababu hakuna kulala, Bibi hatakuwa na kazi, na mwezi ukiisha hatakuja tena.

Wakili akasimama. Hoja ilitoka imenyooka: "Sisi tumekataa kulala. Hatujamkataa Bibi."

"Najua."

"Sasa nani amemkataa?"

Kijiko akavuta suruali yangu. "Mwalimu, wale wanne je?"

"Wanne gani?"

"Wa kopo jekundu."

Niligeuka nikatazama mlango wa ndani. Yule mkimya alikuwa pale na mkeka wake, ingawa haikuwa saa ya kulala, amekaa ameegemeza mgongo mlangoni. Siku kumi na mbili za shule anafanya hivyo na mimi nimeandika "ukaidi". Mtoto asiyesema alikuwa anapiga kura kila siku, kwa mwili mzima, na mimi namwondoa kwa kumshika kwapani.

Nilifungua mlango. Akaingia, akatandika, akalala hapohapo. Baada yake wakaingia wengine watatu. Halafu, sijui nisemeje, wakaingia wengine sita waliokuwa wametia vizibo kopo jeupe. Nikawauliza, "Ninyi si mlisema hamtaki?" Mmoja akanijibu huku akipiga miayo, "Ile siku sikutaka. Leo nataka."

Nifanyeje na kura ya mtu wa namna hiyo?

Alhamisi, 13 Juni

Wakili hakuja.

Ijumaa, 14 Juni

Wakili hakuja. Mama yake ndiye aliyekuja, saa mbili na robo, mwavuli haujafungwa, maji yanachuruzika sakafuni.

"Wewe ndiye Mwalimu Mlingoti?"

"Ndimi, mama."

"Mwanangu amekataa kula tangu juzi. Anasema amemfukuza bibi wa watu kazi. Ana miaka mitano! Mtoto wa miaka mitano anafukuzaje mtu kazi? Mmemfanya nini?"

Watoto walikuwa wanatusikia. Bibi naye alikuwa anatusikia, amesimama na lundo la vikombe. Nikasema, "Mama, kosa ni langu." Akasema, "Najua ni lako. Nataka kujua utalifanya nini." Akaondoka na mwavuli wake wazi, ukakwama mlangoni, akauvuta kwa hasira mpaka ubavu mmoja ukavunjika.

Mkuu akaniita. Sitaandika aliyoyasema mwanzoni. Lakini mwishoni alishusha sauti, akaniambia jambo ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani.

"Mwalimu, unakumbuka uliniweka nimesimama juu ya dawati kipindi kizima?"

Sikukumbuka.

"Nilikuuliza kwa nini tunageuza sehemu ya pili tunapogawanya. Ukasema, 'Hapa hatuulizi kwa nini, hapa tunageuza.' Darasa likacheka. Sijauliza swali tena hata nilipofika chuo. Ndiyo sababu nilikuleta kwa watoto wadogo. Nilitaka uulizwe."

Nilidhani nimeadhibiwa, kumbe nimeadhibiwa kweli, ila kwa kosa nisilolijua na kwa adhabu nisiyoielewa. Au haikuwa adhabu. Sijui. Nilitaka kumwomba radhi na wakati huohuo nilitaka kumwambia, na wewe sasa umemsimamisha Wakili juu ya dawati. Nikasema yote mawili, kwa mpangilio mbaya. Alifuta miwani yake. Akasema nitoke.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikwenda kwa akina Wakili. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake alinikaribisha kwa shingo upande. Wakili alikuwa kitandani amejifunika mpaka puani, hana homa, macho makavu.

Nikakaa chini. Hapo tukawa sawa kwa kimo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wenzako wanakuulizia."

Akajifunua mpaka kidevuni: "Mwalimu, nikisema kitu tena, kitatokea kibaya kingine?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani na mengi niliyajibu kabla hayajaisha. Hili nililiacha likae. Nilitaka kusema hapana, lakini ungekuwa uongo, na yeye angejua.

"Wewe ulijibu swali nililokuuliza," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeuliza nusu ya swali. Niliuliza mnataka kulala au hamtaki. Sikuuliza Bibi atakwenda wapi, wala wanaosinzia watalala wapi. Mtu akipewa nusu ya swali hawezi kutoa jibu zima. Hiyo ni hesabu."

"Kwa nini hukuuliza yote?"

"Sikuyajua."

Akafikiri. "Wewe ni mkubwa."

"Ndiyo."

"Na hukujua."

"Sikujua."

Akanitazama kwa macho ambayo sijui yalikuwa ya huruma au ya hofu. Mtoto akigundua kwamba mtu mrefu hivyo hajui, ni faraja au ni msiba? Mama yake alikuwa mlangoni anasikiliza. Aliniletea chai. Alitia sukari.

Jumatatu, 17 Juni

Hatimaye nimezungumza na Bibi wa Mikeka. Nilimkuta chumba cha ndani anakunja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpoza, nikayamaliza yote, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Umewauliza watoto. Umemwuliza Mkuu. Umekwenda mpaka nyumbani kwa watu Jumamosi. Mimi niko hapa hatua nane kutoka kiti chako."

Niliinamisha kichwa.

"Sasa nikwambie bila kuulizwa. Mimi na hao ishirini na saba tuko upande mmoja. Miaka kumi na moja nawafumba macho watoto wasiotaka kulala. Nimechoka kuwa polisi wa usingizi. Nilimwambia mwalimu aliyekutangulia: anayetaka alale, asiyetaka akae nami uani tushone, tupepete, tuhesabu mawe. Akasema nisimwingilie kazi yake. Kazi naitaka, Mwalimu. Ila si ile."

Wiki mbili nzima nilikuwa nabeba machozi yake, kumbe hayakuwa machozi yake, yalikuwa yangu.

Nikamwomba aketi mkekani kesho. Akasema magoti yake hayapendi mkeka, atakuja na kigoda.

Jumanne, 18 Juni

Bibi barazani, juu ya kigoda. Wakili amerudi. Hakusema neno.

Jumatano, 19 Juni

Mvua imepungua.

Jumatatu, 24 Juni

Mkuu alikuja mwenyewe mkekani. Akavua viatu. Nilimwona akisita mahali pa kukaa, halafu akakaa karibu na Kijiko.

Swali safari hii lilituchukua nusu saa kuliuliza, maana kila mtu alikuwa na kipande chake. Anayetaka kulala alale wapi? Asiyetaka afanye nini, na nani? Vitabu vya maktaba vikae wapi? Bibi afanye kazi gani? Mkuu alieleza kwamba vitabu vimeshaagizwa na lazima vipate pa kukaa. Kijiko akamwuliza, "Vitabu vinalala?" Akasema havilali, vinasimama. "Basi visimame ukutani, sisi tulale katikati." Mkuu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Ikawa hivyo. Rafu ukutani, mikeka katikati, mlango wazi. Bibi ana saa moja ya chumbani na saa moja ya uani. Saa zake za asubuhi zimekatwa, hilo Mkuu hakulegeza. Si ushindi. Sijui niite nini.

Wakili hakuinua mkono hata mara moja. Nilipomtazama, alitazama magoti yake.

Ijumaa, 5 Julai

Rafu zimefika. Wakili bado.

Alhamisi, 11 Julai

Jua la kwanza la kweli. Wamecheza nje mpaka wakawa rangi ya udongo. Wakili alicheza pia, tena kwa kelele. Lakini mkekani anafunga mdomo. Nilimwuliza mama yake kama nimemharibu mtoto. Akasema, "Nyumbani anasema sana, Mwalimu. Huko kwako anapima." Sijui kama hilo ni jema. Anapima nini, na mizani ameipata wapi?

Ijumaa, 26 Julai

Siku ya mwisho ya muhula.

Mwalimu wao ameomba muhula mmoja zaidi wa kulea. Mkuu ameniambia nichague: nirudi darasa la saba au nibaki. "Safari hii nakuuliza kweli," alisema. Nikamwambia nitawauliza watoto. Akacheka, lile pengo la meno halipo siku nyingi lakini nililiona.

Nikaweka makopo mawili. Nikaeleza yote: nikibaki, darasa la saba litapata mwalimu mwingine. Nikiondoka, wao watapata mwingine, na simjui. Mwalimu wao atarudi mwakani, iwe iwavyo. Nikasema, haya, pangeni mstari.

Hakuna aliyesimama. Walikuwa wanamtazama Wakili, na Wakili alikuwa ameinua mkono.

"Kuna kipande hukukisema," akasema.

"Kipi?"

"Wewe unataka nini?"

Nikafungua kinywa. Miezi mitatu hii nimeuliza kila mtu, na hilo sikuwahi kujiuliza mwenyewe, nilikuwa nimelikimbilia kopo. "Sijui," nikasema.

"Haya, fikiri. Tunakungoja."

Wakaningoja. Watoto thelathini na mmoja, na mama mmoja juu ya kigoda, hakuna aliyekohoa. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kumngoja mwanafunzi hivyo. Mwishowe nikasema ninataka kubaki, na ninaona haya kusema, kwa sababu walimu wenzangu watanicheka.

"Sisi tulishakucheka," akasema Wakili. "Hukufa."

Ndipo wakapanga mstari. Ishirini na viwili nibaki, tisa niondoke. Nikaketi na wale tisa, mmoja mmoja, nikiwauliza sababu. Wanne wanamtaka mwalimu wao. Wawili wanataka kuona mwingine yukoje. Mmoja anasema mimi ni mrefu mno, anaumwa shingo. Mmoja alikosea kopo.

Wa tisa alikuwa yule mkimya. Nilikuwa tayari kuondoka bila jibu lake. Akanishika sikio, akalivuta mpaka kinywani pake, na kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, nzito kidogo, ya mtu mwenye hakika, akasema:

"Chumbani unakoroma."

Ni kweli, wiki hizi za mwisho nimekuwa nikijinyoosha nao baada ya chakula. Nimemwahidi nitalala uani.